Wasimlaze Tena

Nyamizi hakunipigia simu kuniambia kwamba mume wake amekufa. Hilo nilikuwa nimeshaliona asubuhi kwenye kundi la simu la watu tuliofanya kazi pamoja kiwandani: picha ya Masanja amevaa kofia, na chini yake misururu ya "pole" na vialama vya mishumaa, kila mtu akitimiza wajibu wake kisha anaendelea na chai. Nyamizi alinipigia kwa jambo lingine. Sauti yake ilikuwa kavu. "Adventina," akasema, na yeye huniita kwa jina pale tu mambo yanapoharibika, siku zote huniita mayu kama Wasukuma wanavyowaita wanawake wenzao. "Tunazika kesho, hapa hapa Kisesa. Njoo leo. Njoo kabla akina mama hawajafika na mikoba yao." Nikamwambia nakuja. Nyuma yake nikawa nasikia watu wakiburuta viti. "Wasinilaze tena," akasema. Nikamwambia nakuja, nakuja sasa hivi, na nilipokata simu niligundua nimeibana mpaka vidole vinauma. Si kwa hofu. Hofu naijua vizuri kuliko watu wengi, tumekaa nayo nyumba moja. Ile ilikuwa hasira, hasira ya zamani, ambayo watu wazima wenzangu wananiambia ningekuwa nimeshaisamehe. Sijaisamehe. Nilipokuwa nakunja kanga za msibani na kuzitia kwenye begi nilijikuta nazipiga kofi.

Ili mtu aelewe kwa nini mjane anaogopa mikoba ya wanawake wanaokuja kumfariji, inabidi nirudi mwaka ule niliokuwa msichana wa maabara kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, Mwanza. Ya kwetu Bukoba, baba na mama na migomba yao, nayaacha. Hayahusiki, na mwaka ule watu waliyachimbua vya kutosha wakitafuta kilichoniharibu. Nilipanga chumba Mabatini, kwenye nyumba iliyojengwa katikati ya mawe kiasi kwamba jiwe moja lilikuwa ndilo ukuta wa jikoni, na mvua ikinyesha lilikuwa linatoa jasho. Vyumba vilizunguka ua. Dari hatukuwa nalo, kuta ziliishia chini kidogo ya bati, kwa hiyo chumba changu na cha Nyamizi vilikuwa viwili kwa macho na kimoja kwa masikio. Nilimsikia Kabula, binti yao mdogo, akikataa kulala. Nilimsikia Masanja, fundi wa injini za mitumbwi pale mwaloni Kirumba, wavuvi wanakoshusha samaki, akimwimbia kwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Nyamizi na mimi tulifanya kazi kiwanda kimoja, yeye kwenye meza za kukata minofu, mimi na vipimo vyangu vya joto na vichupa. Jioni tulirudi wote tunanuka samaki, tukala mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kwenda Ulaya, na ugali wa muhogo, tumekaa juu ya jiwe letu.

Ugonjwa ulinikuta kwenye chumba cha baridi. Nimesimama kati ya makreti, nimevaa buti nyeupe na koti, napima joto la samaki kama siku zote, mara moyo ukaanza kunienda mbio bila mtu kuufukuza. Vidole vikafa ganzi. Pumzi ikawa inafika shingoni inarudi. Nikajua nakufa, na nikajua kabisa kwamba nitafia kati ya samaki. Walinibeba nje, nikakaa juani, ikaisha. Wiki iliyofuata ikaja tena, tena sokoni, tena kanisani wakati wa sadaka. Halafu ukaanza ule ubaya wenyewe, kuogopa kwamba nitaogopa, ambao huwezi kumweleza mtu akakuelewa. Nikaacha kwenda sokoni. Nikaacha kula mchana. Nilipimwa malaria, hakuna. Presha, nzima. Tabibu mmoja akaniambia ni vidonda vya tumbo, maana kwetu mtu asiyejulikana anaumwa nini hupewa vidonda vya tumbo. Mama Jovina, mwenye nyumba wetu, Mhaya mwenzangu, mama wa maombi, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokuomba chumvi, yeye alikuwa na jibu lake tayari. "Olewa," akaniambia. "Mwili wa msichana ukikaa bure unajitafutia kazi." Nilikuwa nina miaka ishirini na tano na shahada yangu ya sayansi ukutani, na nikainamisha kichwa nikasema asante mama. Hadi leo nikikumbuka ile asante nauma meno.

Aliyenisaidia ni Nyamizi, na alinisaidia kwa utani. Alikuwa amenisikia nikihema kupitia pale juu ya ukuta, akaja na chai ya maziwa, akakaa mlangoni. "Sikia, mayu. Sengerema kuna daktari wa watu wenye mawazo. Binamu yangu alitibiwa pale, sasa hivi anauza mpunga Magu na anatukana wateja kama mtu mzima yeyote." Nikamwambia mimi siyo kichaa. "Nani kasema kichaa? Ila najua ninyi Wahaya, mtu akiugua lazima ugonjwa uwe na jina la Kizungu, na lazima asionekane na jirani. Ndiyo maana nakuambia Sengerema. Vuka maji. Huko nani anakujua?" Nilicheka, cheko la kwanza kwa muda mrefu. Akanisindikiza mwenyewe. Kwenye kivuko nilishika mkono wake mpaka kucha zikaacha alama, na yeye akawa ananisimulia bei ya vitenge kana kwamba hakuna kitu.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mwenyeji wa Ukerewe, mwenye sweta iliyochoka na kikombe cha chai iliyopoa. Hakuniuliza kama nimeolewa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kutoniuliza. Aliniuliza linaanzaje, linakaa muda gani, nalala vipi, nakunywa pombe, natumia dawa gani nyingine, nimewahi kufikiria kujidhuru. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Huu ni ugonjwa wa wasiwasi," akasema. "Siyo wazimu, siyo laana, na wala siyo uvivu. Una matibabu." Kisha akanipa dawa na maneno, na maneno yalikuwa mengi kuliko dawa. Kidonge hiki ni cha asubuhi, kila siku, kimoja. Hakifanyi kazi leo wala kesho, kinahitaji wiki kadhaa, na mwanzoni kinaweza kukutia kichefuchefu na hata kukuzidishia wasiwasi, usishtuke, ila mambo yakikuzidia au ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje siku ya miadi, njoo. Ukipata nafuu usiache mwenyewe, tutapunguza pamoja, taratibu. Hivi vingine vidogo ni vya usingizi, vichache tu vya siku za mwanzo, ukivizoea ni vigumu kuviacha, vikiisha vimeisha. Usichanganye na pombe, usichanganye na dawa nyingine ya kuleta usingizi, hata ile ya mafua, kabla hujaniuliza. Halafu akageuza ile bahasha ya kaki akanionyesha juu. "Hapa pameandikwaje?" Nikasoma jina langu. "Basi. Mwenye jina hili ndiye anayemeza. Siyo dada, siyo jirani, siyo mtu mwenye matatizo kama yako. Matatizo yanaweza kufanana, miili haifanani." Akanipangia pia siku za kwenda kuzungumza tu, akanifundisha kupumua kwa kuhesabu, jambo nililoliona la kitoto mpaka siku liliponiokoa.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya kama alivyosema. Nilitapika, sikulala, nikamtukana daktari moyoni. Ningeacha, nasema kweli, kama si Nyamizi. Kila asubuhi kabla hatujaondoka alipita mlangoni kwangu, akaangalia huku na huku kama Mama Jovina hayupo uani, akaninong'oneza neno moja: "Umemeza?" Nikitikisa kichwa kwamba ndiyo, anaondoka. Nikisita, anasimama hapo hapo na kikombe cha maji. Na dawa haikukaa kwangu. Masanja ndiye aliyesema, nilimsikia kupitia juu ya ukuta: "Mwambie alete hapa, Kabula anaingia chumba cha yule dada kila saa, mtoto akiona kidonge anajua pipi." Akaziweka ndani ya sanduku lake la spana, lenye kufuli. Kila asubuhi kabla ya kwenda mwaloni alifungua lile sanduku, akatoa bahasha kati ya bisibisi na mafuta ya grisi, akanipa kidonge changu, akafunga, akaondoka. Hakuwahi kuniuliza chochote. Ndiyo huyo wanayemwandikia mishumaa sasa.

Halafu siku moja, sijui ni wiki ya ngapi, nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nakula mapanki, nikaguguna mfupa, nikaomba niongezwe ugali. Nyamizi akaacha kumega akaniangalia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi sijausikia moyo wangu. Haukuwa umetulia kwa kulewa, wala sikuwa nasinzia, kichwa kilikuwa chepesi na nilitaka kujua kila kitu, nani kagombana na nani kiwandani, kwa nini Kabula ana gundi kwenye nywele. Watu wasiojua hudhani dawa hizi zinamfanya mtu awe gogo. Mimi zilinirudisha kwenye maneno. Nilienda sokoni peke yangu siku hiyo, nikanunua nyanya zilizooza kwa furaha.

Mama Jovina aliiona bahasha kwa bahati mbaya, kama wenye nyumba wa aina ile wanavyoona vitu kwa bahati mbaya wakiwa na ufunguo wa akiba. Ilikuwa siku nimetoka Sengerema na dawa mpya, nikaziacha mezani mpaka Masanja arudi. Nilirudi kutoka bafuni nikamkuta ameishika kwa ncha ya vidole. "Adventina! Dawa za vichaa ndani ya nyumba yangu?" Nikamweleza, nikiwa na taulo begani. Hakusikia. Jioni akaja na wenzake wa maombi, wakanizunguka hapo uani, wapangaji wote wakiwa wanatazama kwa nyuma ya mapazia. Sina ugomvi na sala. Mimi mwenyewe nasali. Daktari wangu alikuwa anasali. Ila sala ile ilikuwa na mkono, na mkono ule ulikuwa na bahasha yangu, na walipofika mahali pa kuimba kwa nguvu Mama Jovina akaenda chooni akamwaga dawa zangu zote shimoni. Akarudi anatabasamu. "Leo umefunguliwa," akaniambia. "Hivi vitu vinalaza akili ya mtu. Mtoto wa watu utalazwa mpaka lini?" Naomba msomaji ayashike maneno hayo, maana mwenyewe aliyasahau upesi sana.

Siku zilizofuata nilipata mambo ambayo nataka kila mtu anayeambiwa aache dawa ghafla ayafahamu. Kizunguzungu kila nikigeuza shingo. Vishindo kichwani, kama kuguswa na waya wa umeme. Kisha hofu ikarudi na nduguze wote. Nilianguka kiwandani mbele ya msimamizi. Nyamizi akaniburuta tena mpaka kivukoni, na daktari aliponiona alijua kabla sijafungua mdomo. "Nani kakuachisha?" Nikasema mama mwenye nyumba. "Amesomea udaktari wapi?" Alikuwa amekasirika, na nilishukuru sana kumwona mtu mzima mwingine amekasirika. "Dawa hii hukatishi kama unavyozima taa. Tutaanza tena, chini, tupande. Na siku ya kuacha ikifika tutashuka ngazi moja moja, mimi nikikuangalia." Tukaanza tena. Safari hii bahasha haikugusa meza. Ilitoka mkononi mwangu ikaingia kwenye sanduku la spana.

Kabula alikufa wakati wa mvua za masika. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya jana, na leo hayupo. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu kifo chenyewe, si changu kukiandika. Wakampeleka nyumbani kwa wazazi wa Masanja, Kisesa, karibu na njia ya kwenda Bujora, wazike huko. Mimi kiwanda kilinizuia zamu moja, nikafika asubuhi ya mazishi na wanawake wenzetu wa meza za minofu. Nje wanaume wamekaa kwenye moto wao, kaburi dogo linachimbwa nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka dirisha la chumba cha wanawake. Nikaingia. Nilitegemea kilio. Nilikuta mikeka, wanawake wamekaa kimya kimya, wengine wanasengenya kwa sauti ya chini, na Nyamizi amelala chali katikati yao, mdomo wazi, mate yanamtoka pembeni. "Amepumzika," akaniambia mmoja kwa upole. "Usiku alihangaika mno."

Nikamshika bega. Hakuitika. Nikamwita, nikamfinya, akatoa sauti ya mbali isiyokuwa neno. Nikaweka sikio karibu na pua yake. Pumzi zilikuwa zinakuja kwa kuchelewa, nikawa nangoja moja, nangoja, ndiyo inakuja. "Mmempa nini?" nikauliza. Wakatazamana. Shangazi yake Masanja akasema alimpa kidonge kimoja cha usingizi jana jioni, cha kwake mwenyewe, alie kidogo tu apate nguvu ya kesho. Jirani akasema yeye hakujua hilo, naye alimpa kwenye uji zamu yake ilipofika. Mwingine akasema dawa ya mafua tu, ile inayoleta usingizi, hiyo si kitu. Kila zamu ya wanawake iliyoingia kumkesha ilimkuta analia, ikamhurumia, ikafungua mkoba. Hakuna aliyemuuliza aliyetangulia. Na kwenye kona, ameshika rozari, Mama Jovina wangu. "Mimi nilimpa viwili alfajiri," akasema, tena kwa fahari. "Ninavyo siku zote kwenye mkoba, kwa ajili ya misiba. Vya dukani hivi, wala havina neno. Mzazi hawezi kuzika mtoto anapiga kelele namna ile, Adventina. Inaumiza watu."

Inaumiza watu! Nilimtazama yule mama. Dawa niliyoandikiwa na daktari, yenye jina langu na kipimo changu, iliyonifanya nile na nicheke na nifanye kazi, ilikuwa dawa ya vichaa, ya kumwagwa chooni kwa nyimbo. Lakini vile vilivyokuwa vinazagaa kwenye mikoba yao pamoja na poda na chenji ya sadaka, bila jina la mtu, bila mtu kuhesabu, vya kumzimisha mama wa watu ili wao wasikie raha kwenye mkeka, hivyo vilikuwa huruma. Sijui nilisema nini. Nyamizi aliambiwa baadaye na watu kwamba nilimtolea uvivu mama mtu mzima mbele za watu, kwamba nimelaaniwa. Sawa.

Nilimgeuza Nyamizi ubavu, nikamwambia mwanamke wa karibu amshikilie hivyo hivyo asilale chali, nikatoka. Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo wazee wa pale walilizungumza miaka. Nilikwenda kwenye moto wa wanaume. Mwanamke haendi kwenye moto wa wanaume siku ya mazishi, kuna watu wa kutumwa, kuna utaratibu. Nilipita katikati yao, moyo unanidunda kama siku ile ya chumba cha baridi, nikahesabu pumzi zangu kama nilivyofundishwa, na sauti ikatoka. "Masanja, mkeo wamemnywesha dawa, haamki. Nataka gari." Mzee mmoja akasema mtoto ashushwe kwanza, mvua inakuja. Mwingine akasema atalala ataamka, wanawake ndivyo walivyo. Masanja alisimama. Aliangalia nyuma ya nyumba kwenye lile shimo dogo, kisha akaangalia mlango wa chumba cha wanawake, na sijawahi kumwona mtu akiangalia sehemu mbili kwa namna ile. "Mchukue," akaniambia. "Mimi nitabaki na mtoto."

Kaka yake akatoa pikapu. Tukampakia nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, nikawa nampiga piga shavu na kumuita jina njia nzima. Tulipokuwa tunatoka kwenye ua walianza wimbo wa kushusha jeneza. Mpaka tunafika barabara kubwa nilikuwa bado nausikia. Hospitali wakaniuliza amekula nini, nikawatajia cha shangazi, cha jirani, cha mafua, viwili vya Mama Jovina, na muuguzi akasonya, akaita wenzake, wakamwekea hewa na maji, wakakaa naye. Alifungua macho jioni. Alitazama dari, akanitazama mimi, akatazama kanga yangu ya msibani. Ulimi ulikuwa mzito. "Wameshamzika?" akauliza. Nikasema ndiyo. Hakulia. Aligeukia ukutani. Kilio chake kilikuja baada ya wiki nyingi, mezani kwenye minofu, kisu mkononi, na msimamizi akataka kumfukuza. Nyamizi hakuuona uso wa mtoto wake mara ya mwisho, hakumtupia udongo, hakusikia hata ule wimbo, naye alikuwa hatua chache kutoka dirishani. Mama Jovina alipoulizwa akasema angalau hakuteseka.

Nimefikiri sana juu ya neno hilo, miaka yote hii. Mimi dawa yangu sikupewa nisiteseke. Nilipewa niweze kuishi na vinavyonitesa nikiwa macho. Bila ile ya asubuhi nisingeweza kuufikia ule moto wa wanaume, ningeanguka mlangoni nikihema, na rafiki yangu angefia kwenye mkeka. Baada ya mwaka na zaidi daktari alinishusha ngazi moja moja kama alivyoahidi, nikaacha, nikakaa vizuri muda mrefu. Nilipofika miaka arobaini na kitu ugonjwa ukarudi, nikarudi na mimi kwa daktari, mwingine sasa, hapa hapa mjini, mchana kweupe, jirani anione asinione. Naendelea na dawa mpaka leo. Nyamizi alirudi kazini, akazaa watoto wengine wawili, na asubuhi ya kwanza alipotoka chumbani baada ya msiba, macho makavu, hajachana nywele, alipita mlangoni kwangu, akatazama huku na huku. "Umemeza?" akaninong'oneza. Nilimshika, nikalia mimi.

Basi juzi nilifika Kisesa kabla ya mikoba. Nilimkuta Nyamizi kwenye chumba kile kile, wamekipaka rangi sasa, amekaa kwenye godoro na watoto wake. Nikaweka kigoda changu mlangoni. Kila mwanamke aliyeingia nilimpa pole, nikamkaribisha, na nikamwambia wazi kwamba mfiwa ana daktari wake na hapokei kidonge cha mtu. Wengine walicheka, wengine walinuna. Asubuhi ya mazishi, Nyamizi akiwa analia kwa sauti inayofika barabarani, akaingizwa bibi kizee ameshikwa mkono na mjukuu. Sikumtambua mpaka aliposema, sauti ile ile: "Jamani, huyu mbona anaachwa hivi?" Na mkono ukaenda kwenye mkoba.

"Shikamoo, Mama Jovina," nikasema.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Adventina. Yule wa dawa za vichaa."

Akanitazama, mkono bado uko kwenye mkoba. Akasema, "Mpe kidogo tu atulie, mwanangu. Watu wanaumia kumsikia." Niliushika ule mkoba, nikafunga zipu yake mimi mwenyewe, nikaurudisha mkononi mwake. "Waumie," nikamwambia. "Ndiyo msiba, mama. Wamekuja kuumia."

Walimzika Masanja nyuma ya nyumba, ubavuni mwa kaburi dogo ambalo sementi yake imeshapasuka na kuota majani. Nyamizi alikwenda kwa miguu yake. Alilia njia nzima, alilia wakati wa wimbo, aliliuliza jeneza maswali, na mwanamume mmoja akasema kwa nyuma, mnyamazisheni mama jamani, na mtoto wake wa kiume akamgeukia akamwambia mwacheni. Akachota udongo, akamtupia mume wake. Kisha akainama tena, akachota mkono wa pili, na kila mtu akadhani amechanganyikiwa, akapita pembeni mpaka kwenye lile kaburi dogo, akaumwaga pale, polepole, akipangusa vidole ili usibaki hata kidogo. "Nipo, Kabula," akasema. "Leo niko macho."

Tuliporudi ndani hakuwa na sauti tena. Mtu akaleta chai, akanywa, akaomba sukari iongezwe. Chumba kilikuwa kimejaa, Mama Jovina kwenye kona yake, mkoba umefungwa. Nyamizi akanitazama juu ya kikombe, na bila kuangalia huku wala huku, kwa kile kikwaruzo cha sauti kilichobaki, akaniuliza mbele yao wote:

"Na wewe, mayu, leo umemeza?"

"Nimemeza," nikasema kwa sauti. "Asubuhi."